Gesi ya AC: imeisha au imevuja?

Swali: AC ya gari langu ikikataa kupoza, fundi husema "gesi imeisha, tujaze." Baada ya miezi miwili inaisha tena. Asubuhi nikiwasha gari, ekzosi hutoa wingu jeupe, naye huliita moshi. Je, maneno haya ni sahihi?

Jibu: Tuanze na "imeisha". Huisha kile kinacholiwa na matumizi: mkaa, petroli, gesi ya mtungi wa jikoni. Gesi ya AC haiungui wala hailiki, inazunguka tu. Kompresa huigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huiondolea joto ikawa majimaji, hupenya valvu nyembamba, kisha katika evapareta nyuma ya dashibodi hunyonya joto la ndani ya gari na kurudi ilikotoka. Ikipungua, imetoka mahali. Imevuja. Mipira na sili hupitisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, lakini ikipotea ndani ya miezi miwili, kuna tundu.

Anayesema "imeisha" anakupeleka kwenye kujaza. Anayesema "imevuja" itambidi ajibu swali linalofuata, nalo limo ndani ya kauli ya kutendea: inavujia wapi? Muulize fundi hivyo hivyo. Jibu hutafutwa kwenye maungio yenye vumbi la grisi, maana gesi hutembea na mafuta ya kompresa. Hutafutwa pia kwa povu la sabuni, au kwa rangi maalumu na taa ya urujuanimno (UV). Tundu likishazibwa, mfumo unyonywe hewa kwa pampu walau nusu saa, kwa sababu unyevu ukibaki unaweza kuganda kwenye valvu na kuiziba. Ndipo gesi ijazwe kwa mizani, kulingana na stika iliyo chini ya boneti. Gari dogo linalotumia gesi aina ya R134a mara nyingi hula gramu 400 hadi 600. Ikizidi, AC haipozi vizuri pia.

Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwa imewashwa si ya kuitwa uvujaji. Hayo yanatona tu, ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evapareta.

Sasa "moshi". Moshi ni wa kitu kinachoungua, mvuke ni wa maji. Wingu jeupe la asubuhi linalotoweka injini ikipata moto ni mvuke. Likiendelea huku maji ya rejeta yakipungua, bado ni mvuke, ila sasa maji yanaingia ndani ya silinda, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Neno "moshi" liwekee ule wa buluu, ambao ni oili inayoungua, na mweusi, ambao ni petroli au dizeli iliyozidi.

Ekzosi ikitoboka, sema "imetoboka", na usisubiri kuona moshi ndani ya gari: monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye hewa ya ekzosi, haina rangi wala harufu, na inaua. Fungua vioo, gari liende kwa fundi siku hiyo hiyo.