Utumbo wa kuku-mwitu na wa kuku wa nyama

Umeuliza kama kuku wa nyama hukua haraka kwa sababu utumbo wake umeumbwa tofauti na wa kuku-mwitu mwekundu wa Asia ya Kusini-mashariki, ambaye ndiye asili kuu ya kuku wote wafugwao. Mpangilio wa viungo ni ule ule. Kilichobadilika ni kasi na ukubwa. Kifaranga yeyote huanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, nayo humtosha siku chache tu, na katika wiki ya kwanza utumbo mwembamba hukua kwa kasi kuliko mwili wenyewe, huku vijinyweleo vinavyofyonza chakula vikirefuka. Kwa kuku wa nyama, aliyechaguliwa kwa vizazi vingi ili afikie kilo 2 au zaidi ndani ya wiki 6, hatua hiyo ni nyeti mno, na kwa kweli ndipo wafugaji wengi wanapopoteza: kifaranga akikaa siku 2 safarini bila chakula, vijinyweleo hudumaa. Firigisi ni habari nyingine. Ukiipasua ya kuku anayejitafutia, utakuta msuli mnene na vijiwe; ya kuku anayelishwa chakula kilichosagwa laini mara nyingi ni ndogo na legevu.