Kabla ya Kuandika "Mwandishi Anaamini Kuwa"

Ninyi mnaoanza kusoma fasihi ya Kiswahili hapa Iringa mmetoka sekondari na mazoea niliyokuwa nayo mimi pia: kuyagawa maudhui katika dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo, kisha kukipa kipengele cha falsafa sentensi moja inayoanza na "mwandishi anaamini kuwa". Sentensi hiyo ilinipatia alama nzuri kwa miaka mingi, lakini ilininyima kufikiri, kwa sababu swali la kifalsafa huchimbuka pale mhusika anapolazimika kuamua huku kila njia ikiwa na hasara yake.

Nilipoisoma Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, niliandika kwamba falsafa yake ni umoja, nikafunga daftari. Mhadhiri wangu akaniuliza: kwa nini Kinjeketile, ambaye amekwisha kuyatilia shaka maji aliyowapa watu kuwa yatawakinga na risasi, anakataa mwishoni kuwaambia Wajerumani kwamba yalikuwa uongo? Akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba waliopigana walikosea. Akikataa, analiacha hai neno ambalo limekwisha kuwapeleka watu wengi kaburini. Je, neno likishawaunganisha watu, bado ni la aliyelitamka? Baridi yote ya mwezi wa saba nililala na kuamka na swali hilo, na mpaka leo sijalimaliza.

Katika nyanda hizi swali hilo lina uzito wa pekee. Wabena walipigana Vita vya Maji Maji, ilhali Wahehe, ambao mtawala wao Mkwawa alikuwa amefariki mwaka 1898 baada ya kupambana na Wajerumani kwa miaka kadhaa, hawakujiunga. Mjadala wa darasani huwaka mara tu historia hiyo inapotajwa, nami naufurahia, ila nawasihi mrudi kwenye maandishi upesi: Kinjeketile wa jukwaani ni mtu aliyebuniwa, na hoja zake zipimwe kwa anayoyasema na kuyatenda humo.

Someni kazi mara mbili. Mara ya pili tieni alama ya penseli kwenye kila uamuzi, kisha andikeni jibu lenye nguvu kuliko yote dhidi ya lile mnalolipenda. Hapo ndipo kazi ilipo. Mkifika kwa Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, liwekeni kando kwanza neno "udhanaishi", yaani falsafa inayosema kwamba mtu mwenyewe ndiye anayeyapa maisha yake maana, muulize ni nini hasa kilichomfanya kijana huyo msomi aone kwamba maisha hayana la kumshikilia.