Biti mpya kwenye ngoma za Kigogo

Kaka, umeuliza kama tukiziwekea biti ya amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini, zile rekodi za zamani za Kigogo, vijana wa Dodoma watasikiliza. Watasikiliza, hapo sina wasiwasi. Kazi iko kwenye mitambo. Ilimba, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, haipangwi sauti kama kinanda; kuna noti yake inakaa chini kidogo ya ile ya kinanda. Ukiibandikia besi ya kompyuta, wimbo mzima unasikika umepinda, na kijana atadhani mzee ndiye aliyekosea! Halafu kasi: wapigaji wakinogewa, ngoma inapanda yenyewe. Ukiinyoosha kwa programu utamu wote kwisha. Mimi ningeacha biti ifuate zeze, sio zeze ifuate biti. Hukwe Zawose, yule mwanamuziki mkongwe wa Kigogo, alichanganya muziki wake na mitambo ya kisasa kwenye albamu ya Assembly, 2002, pamoja na mtayarishaji wa muziki Michael Brook, ila pale mzee alikuwa hai, akikataa kitu anasema. Hawa wazee wa kwenye rekodi zako wametangulia, kwa hiyo pitia kwa familia kwanza, muandikishane kabisa na mgao ujulikane. Ukipata hata kipande cha dakika moja kitupie hapa tusikie.