Maswali yenu: Anthony Steel, bwana nyama wa kwenye sinema

Tangu nimtaje Anthony Steel, mwigizaji wa sinema wa Uingereza, kwenye safu iliyopita simu yangu haijapumua. Nachukua machache tu, maana mengi yanajirudia na mengine mtu angesoma safu yenyewe mpaka mwisho asingeuliza.

Marehemu babu alikuwa anatuambia wazungu walikuja Amboseli kupiga sinema ya tembo, na stelingi anaitwa Steel. Ni kweli au zilikuwa hadithi zake? (Msomaji, Tanga)

Babu hakudanganya. Sinema inaitwa Where No Vultures Fly, ya studio za Ealing, 1951, mwongozaji Harry Watt, na Amboseli imo, Kilimanjaro kwa nyuma, tena kwa rangi wakati sinema nyingi za Waingereza zilikuwa bado nyeusi na nyeupe. Steel anacheza Bob Payton, bwana nyama aliyechoka kuona wanyama wanachinjwa ovyo, anambeba mke na mtoto wanaenda kuishi porini aanzishe hifadhi, alafu anagongana na wauza pembe. Mke ni Dinah Sheridan. Ilichaguliwa kuonyeshwa mbele ya familia ya kifalme, na 1952 ikajaza majumba ya sinema Uingereza. Marekani wakaibatiza Ivory Hunter, yaani mtu anayelinda tembo wakamgeuza mwindaji wa pembe, sijui nani alikaa ofisini akaona hilo sawa.

Steel mwenyewe kazaliwa London 1920, baba yake ofisa wa jeshi huko India, akapita Cambridge, vita vilipoanza akaingia Grenadier Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza. Kwa hiyo ule mgongo ulionyooka mnaousifia hakufundishwa na mwongozaji. Ila kuigiza, nitasema na mnitukane: mrefu, sura nzuri, sauti safi, lakini uso mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Akifurahi uso ule, akikasirika uso uleule.

Ndo yule wa Tarzan? (Wengi)

Siyo. Mmeuliza kumi na moja, nimehesabu. Sio kila mzungu aliyesimama karibu na tembo ni Tarzan. Tarzan wa miaka ile, 1949 mpaka 1953, ni Lex Barker, Mmarekani, na lishikeni hilo jina maana tutakutana nalo huko chini.

West of Zanzibar ilipigwa kweli huku kwetu? Mimi niliyoiona haina hata sauti. (Msomaji, Unguja)

Uliyoiona ni nyingine, ya 1928, ya Lon Chaney, na hiyo "Zanzibar" yake ilijengwa kwa mbao California. Ya Steel ni ya 1954, muendelezo wa Where No Vultures Fly, Watt tena, safari hii Payton anafuata pembe mpaka pwani, kwenye majahazi. Mke kabadilishwa, sasa ni Sheila Sim, na wala hakuna anayeshangaa.

Hapa niseme langu ambalo hamkuniuliza. Angalieni Waafrika wenye maneno ya maana humo ndani. Orlando Martins, yumo kwenye zote mbili: mtu wa Lagos, Nigeria. Edric Connor, chifu wa ile ya pili: mwimbaji kutoka Trinidad. Ni waigizaji wazuri na nawaheshimu, Martins akiingia kwenye picha Steel anakuwa kama fanicha, lakini ukitoka London na kamera ukavuka bahari kwa ajili ya "uhalisia", alafu wenyeji wa mahali wengi wao wakabeba mizigo na kupiga kelele kwa nyuma bila jina, uhalisia wako ni wa milima na tembo tu. Mababu zetu wamo humo. Wengine mnaowajua kwa sura. Majina hayamo.

Mwalimu wetu alisema hiyo filamu ndo iliyoanzisha hifadhi za Kenya. (Msomaji, Nakuru)

Mpe pole mwalimu. Hifadhi ya Nairobi ni 1946, Tsavo 1948, filamu 1951. Payton kachongwa kutokana na Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi, mkurugenzi wa kwanza wa hifadhi hizo. Na Cowie alikuwa mjanja kuliko Payton: aliandika gazetini kwa jina la bandia, "Old Settler", akapendekeza wanyama wote wauawe, watu wakawaka moto, na moto huohuo ndo akautumia kudai hifadhi. Sinema ingekuwa na mtu kama huyo ingekuwa tamu mara mbili.

Lakini mnapoangalia msisahau upande wa pili wa hiyo hadithi nzuri. Wawaata wa huko Tsavo walikuwa wawinda tembo kwa upinde na mishale ya sumu tangu enzi, ni maisha yao, hifadhi ikaja ikawakuta, ikawaita majangili, na miaka ya 50 wakakamatwa wengi wakafungwa. Hakuna studio iliyokuja kupiga hiyo.

Kwa nini alipotea ghafla? (Msomaji, Muscat)

Mapenzi na pombe, lakini na kampuni pia. Alikuwa mtu wa Rank, kampuni ya filamu ya Uingereza, walimpanga kwenye sinema za vita na jangwa mfululizo, kama Malta Story ya 1953 na Storm Over the Nile ya 1955, ambayo vipande vingi vyake ni vya filamu ya 1939 vimevutwa kwa upana vienee skrini mpya, ngamia na farasi wamenenepa kama wa harusi. 1956 akamuoa Anita Ekberg, mwigizaji wa Sweden, huko Florence, akaiacha Rank, na nyumbani wakaanza kumsahau huku yeye anagombana na wapiga picha mitaani. 1959 wakaachana. Mwaka uliofuata Ekberg akatoka na La Dolce Vita, sinema ya Kiitaliano, na mle ndani ana mpenzi mlevi anayempiga kofi mbele za watu, na anayemcheza ni nani? Lex Barker. Wapo wengi waliosema wanamjua mlevi mwenyewe.

Baada ya hapo ni vifilamu vya Ulaya na vipande vya televisheni. Uzeeni aliishi kwenye flati ndogo Northolt, na 2001 akafia kwenye nyumba ya kutunzia waigizaji wazee, Denville Hall.

Nitumie link ya kudownload. (Mwanza, Dar, Mombasa, Dar tena)

Situmi. Na nakala nyingi zinazozunguka zimekatwa, kuna jamaa aliniuzia flashi akasema ni filamu nzima, ikaishia katikati ya safari Steel kapanda gari, mpaka leo hajashuka.

Nianze na ipi? (Msomaji, Nairobi)

The Wooden Horse, 1950. Mateka wa Kiingereza kambini Ujerumani wanaruka farasi wa mbao kila siku uwanjani, walinzi wanacheka, kumbe ndani ya farasi kuna mtu anachimba shimo. Mchanga unaondoka na farasi, umejazwa kwenye vimifuko vinavyoning'inia ndani, na jamaa wanaombeba wanatembea polepole wasionyeshe kwamba kaongezeka uzito.

Humo ule uso mmoja wa Steel unamfaa.