Nguzo za Upepo Baharini Hazivunji Mawimbi

SWALI: Ninaishi Esbjerg, Denmark. Jirani yangu anasema mitambo ya upepo ya Horns Rev inavunja mawimbi, hivyo ikiongezwa ufuo wetu hautaliwa tena na bahari. Video niliyotumiwa inadai kinyume, kwamba nguzo zake zinayakuza mawimbi. Nimwamini nani?

JIBU: Usimwamini yeyote kati yao. Sehemu yake ya kwanza, Horns Rev 1, iliyokamilika mwaka 2002, ina mitambo 80 yenye nguzo za kipenyo cha takriban mita 4, zilizoachana kwa mita 560. Wimbi la sekunde 6, yaani lile ambalo kilele hufuata kilele kila baada ya sekunde 6, lina karibu mita 50 kutoka kilele hadi kilele mahali hapo, nalo huipita nguzo nyembamba kiasi hicho bila kupoteza nguvu ya maana. Sijaona mhandisi aliyejenga kizuia mawimbi chenye mapengo ya nusu kilomita.

Video hiyo huenda inaonyesha maji yakiparamia nguzo baada ya wimbi kuigonga. Hilo ni kweli, na katika Horns Rev 1 yenyewe liliwahi kuharibu majukwaa ya mafundi yaliyo takriban mita 9 juu ya bahari, lakini maji hayo huanguka papo hapo na wimbi huendelea na safari yake likiwa lile lile.

Athari iliyopo hupitia kwenye upepo. Mapanga huchota nishati yake, kasi ikapungua nyuma ya mitambo, na mawimbi yanayozaliwa hapo yakakua pungufu kidogo. Mawimbi ya dhoruba yaliyotoka mbali hayajali hayo, na ndiyo yanayokula ufuo. Tena upepo ukizidi mita 25 kwa sekunde mitambo ile hujizima, kwa hiyo hata unafuu huo mdogo hutoweka siku unapohitajika.

Wanaonichosha zaidi ni wanaojiita washauri, wanaoonyesha picha moja ya rada ya satelaiti yenye michirizi myeusi nyuma ya mitambo, kisha wakatangaza kwamba pwani imepona. Weusi ule hutokana na kutulia kwa viwimbi vya sentimita chache tu. Mtu wa namna hiyo adaiwe vipimo vya mawimbi vilivyochukuliwa na maboya, kabla na baada ya ujenzi, kwa majira kadhaa ya baridi. Pwani ya magharibi ya Jutland, rasi ulipo mji wako, inahifadhiwa kwa kumwagiwa mchanga mara kwa mara, na mji utakaoacha kazi hiyo kwa kutegemea mitambo utapoteza ufuo wake.