Mlioanza jiolojia juzi, acheni kuyeyusha kila jiwe

Jana nimesahihisha madaftari ya fasti yia, nusu wameandika ati marumaru ni chokaa iliyoyeyuka ikapoa. Yakhe! Kila mwaka ni hayo hayo. Sasa kabla hamjapanda basi la fildi kwenda Taita, sikizeni.

1. Metamofiki haikuyeyuka. Ikiyeyuka ikaganda, hiyo ni igneasi, basi. Metamofiki hubadilika na huku bado ni jiwe gumu, joto na mgandamizo ndivyo vinavyopanga fuwele upya. Chokaa huwa marumaru, tope huwa sleti, likizidi kukandamizwa shisti, mwisho naisi.

2. Maji bebeni mengi, Voi si Nyali.

3. Matundu si ushahidi wa volkeno. Basalti, jiwe la lava iliyopoa, pale kwenye lava ya Shetani kule Tsavo ina matundu ya gesi, jiwe letu la matumbawe nalo lina matundu, lakini hilo limejengwa na wanyama wadogo wa baharini. Tone la asidi: matumbawe yatoa povu, basalti kimya. Na msiende kujaribu kwenye ukuta wa Fort Jesus mkalala ndani, okoteni kipande ufuoni.

4. Mistari ya naisi si tabaka za mchanga. Hapa grupu letu, enzi zetu za uanafunzi, tuliaibika jamani. Tumefika Taita tukaona jiwe lina mistari myeupe na myeusi, tukapiga kelele sedimentari, yaani jiwe la tabaka za mchanga! Kutwa nzima twapima mwinamo wa tabaka juani, usiku tukachora mpaka mto uliouleta huo mchanga, tena kwa rangi, mishale na kila kitu. Asubuhi lekchara akaangalia ule mto wetu, akanyamaza, akatuonyesha fuwele kubwa ya garneti na mistari imepinda kuizunguka. "Hii ilikuja na mto au ilikua humuhumu?" Hakuna aliyejibu. Kumbe ni madini meupe, kwatzi na feldspa, yamejitenga na baiotaiti nyeusi chini ya mgandamizo, miaka kama milioni 600 iliyopita mabara yakigongana. Ule mto ulibandikwa ukutani maabara mpaka tukamaliza chuo.

5. Fuwele kubwa, magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilipoa polepole chini ya ardhi, kama jiwe la saenaiti la mlima Jombo huko Kwale. Chembe ndogo, ilipoa haraka juu. Uwanda wa juu wa Yatta je? Lava iliyotambaa kilomita kama 300, na ni fonolaiti, aina nyingine ya jiwe la lava, FONOLAITI, mkiniandikia basalti tena ripoti nairudisha bila kusoma ukurasa wa pili.