Yaya Aombe Nyongeza ya Mshahara Lini?

Yaya wengi huomba nyongeza siku walipochoka. Mtoto wa pili alishafika, miezi minne imepita, nguo za nyumba nzima ziko kwenye beseni, ndipo neno linatoka, tena kwa hasira. Kufikia hapo wazazi wameshazoea. Wameona kazi yote inafanyika kwa mshahara ule ule, na kwa hesabu yao hayo ndiyo mapatano. Wakati mzuri wa kuomba ni kabla mzigo mpya haujakaa begani. Kama umeshakaa, omba mapema iwezekanavyo, na uende na hesabu, kwa sababu uchovu hauonekani kwenye karatasi.

Kwa hiyo tuanze na hesabu.

Chukua daftari dogo. Kwa wiki 4 mfululizo andika kila siku saa uliyoanza kazi, saa uliyoachiwa kweli (si ile mliyopatana), na jambo lolote la nje ya kawaida: uliamshwa usiku, uliachiwa watoto wa wageni, uliitwa Jumamosi. Wiki moja haitoshi, maana inaweza kuwa wiki mbaya au nzuri kuliko nyingine. Wiki 4 zinaonyesha mwendo wa nyumba. Jaza siku hiyo hiyo. Daftari lililojazwa kwa kukumbuka huwa na saa kamili kamili mno, na mwajiri akikukosoa siku moja tu, kurasa zote zilizobaki hupoteza nguvu.

Sasa piga hesabu. Tuseme uliajiriwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hizo ni saa 10 kwa siku, saa 50 kwa wiki. Mwezi si wiki 4 kamili: mwaka una wiki 52, ukigawa kwa miezi 12 unapata 4.33. Kwa hiyo mliuziana saa 217 hivi kwa mwezi. Daftari linaonyesha nini? Siku 3 kwa wiki unaachiwa saa 11 na nusu, na kila Jumamosi unashinda saa 4 na watoto. Wiki imekuwa saa 55 na nusu, mwezi saa 240 na ushei. Mshahara haukuguswa, lakini kila saa yako sasa inalipwa karibu asilimia 10 pungufu ya siku ulipoanza. Ili urudi pale pale ulipokuwa, bila kupanda hata hatua moja, unahitaji nyongeza ya asilimia 11.

Bei za vitu nazo zina sehemu yake. Tafuta kiwango cha mfumuko wa bei kinachotangazwa na idara ya takwimu ya nchi unayofanyia kazi. Kikiwa asilimia 5 na una mwaka mmoja tangu mshahara upangwe, zidisha 1.11 kwa 1.05: jibu ni 1.17 kasoro kidogo, sawa na nyongeza ya karibu asilimia 17. Yaani ukipewa asilimia 10 kwa tabasamu na shukrani, bado umeshushwa. Wengi hawajui hili, nao wazazi hawajui, kwa sababu hakuna aliyekaa chini na kalamu. Mara nyingi ukionyesha karatasi hiyo moja, mazungumzo huacha kuwa ya huruma na kuwa ya hesabu, na hesabu ni rahisi kuijibu.

Kwa anayelala kazini kuna ugumu zaidi, kwa sababu kuwepo nyumbani na kuwa kazini huchanganywa. Tenganisha. Andika saa ulizokuwa na mtoto mikononi au chini ya jicho lako, na kando yake saa ambazo hukuweza kutoka kwa kuwa huenda ungeitwa. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa Juni 2011 na kuanza kutumika Septemba 2013, unagusa jambo hili: muda ambao mfanyakazi hana uhuru wa kuutumia apendavyo kwa sababu anasubiri kuitwa uhesabiwe kuwa saa za kazi, kwa kiwango kinachowekwa na sheria au mapatano ya nchi. Mkataba huo unataka pia mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Unazibana nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo angalia yako imo au haimo kabla ya kuutaja mezani.

Na kabla ya yote, linganisha mshahara wako na kima cha chini cha kisheria, kama nchi imekiweka kwa kazi yako. Ukiwa chini yake, usiite hiyo nyongeza wala usisubiri mwaka utimie. Ni haki inayodaiwa, na hudaiwa kwa maneno mengine kabisa.

Mambo yanayofungua mlango

Mwaka mmoja tangu mshahara upangwe ni sababu inayojitosheleza, hata kama kazi haijabadilika. Anza mazungumzo wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe yenyewe. Ukisubiri siku mwaka unapotimia, wazazi watataka muda wa kufikiri, na miezi 2 itapita kwa mshahara wa zamani.

Mtoto mpya ni jambo kubwa zaidi, na ndilo linaloharibiwa mara nyingi. Siku unapoambiwa kuna mimba, pongeza na unyamaze. Subiri mimba ifike mwezi wa saba hivi, wakati wazazi wanapanga matumizi ya kujifungua. Hapo ndipo mshahara wako unapaswa kuingia kwenye bajeti, si baada ya fedha kugawanywa. Kumbuka watakavyofikiri: mama atakuwa likizo, kwa hiyo yaya atapumzika. Si uongo wote. Kwa hiyo pendekeza nyongeza ianze siku utakayobaki peke yako na watoto wote wawili, na iandikwe hivyo. Ukitakiwa kumshika mtoto mchanga tangu wiki ya kwanza, ianze wiki hiyo. Mtoto mchanga hula kati ya mara 8 na 12 kwa saa 24, kwa hiyo zamu ya saa 10 ina milo 3 hadi 5, na kila mlo una kuandaa, kulisha, kumcheulisha, kubadilisha nepi na kuosha vyombo vyake, huku yule mkubwa akidai naye abebwe. Eleza hivyo hivyo, kwa idadi. Neno "kazi itaongezeka" halimwambii mtu chochote.

Kisha kuna kazi inayoongezeka kimyakimya. Ulikuja kulea mtoto na kufua nguo zake. Leo unafua mashuka ya nyumba nzima, unapika chakula cha watu wazima na kupiga pasi mashati ya kazini. Kipimo chake ni rahisi: mtoto akienda kwa bibi yake wiki mbili, je, kazi hii ingebaki? Ikibaki, si sehemu ya ulezi, na inastahili kulipiwa au kuondolewa. Orodhesha zilizobaki zote, kadiria saa zake kwa wiki, na uziombee bei kama fungu moja. Kudai shati kwa shati kunachosha pande zote mbili. Mtoto wa mgeni akija wiki moja, msaidie na mambo yaishe. Akikaa mwezi, omba malipo ya mwezi huo peke yake, wala usiyachanganye na mshahara, kwa sababu ataondoka na utaambiwa nyongeza nayo iondoke.

Cheti kipya, kama huduma ya kwanza kwa watoto au leseni ya udereva, huleta nyongeza pale tu nyumba inapokitumia. Kikikaa sandukuni, hakina bei.

Mtoto kuanza shule ni hatari kwako, na yaya wachache huiona inakuja. Saa za kukaa na mtoto zinapungua, na wazo la kupunguza mshahara huja lenyewe. Zungumza miezi 2 kabla. Mwaka huo huenda usiombe fedha kabisa: omba mshahara ubaki ulivyo kwa saa chache zaidi, ambayo kwa hesabu ya saa ni nyongeza tosha, na uombe malipo kamili hata wiki familia ikisafiri. Usikubali tu kwamba nafasi ya asubuhi ijazwe na "kazi ndogondogo" zisizo na majina. Zipewe majina.

Wakati wa kunyamaza

Usiombe kabla ya kumaliza kipindi cha majaribio, isipokuwa kazi uliyoikuta si ile uliyoelezwa. Usiombe nyongeza ianze kabla ya miezi 12 tangu ile ya mwisho kama kazi haijabadilika. Mzazi mmoja akipoteza ajira, uliza kwanza kama nafasi yako ipo salama; nyongeza itasubiri. Kama ulichukua mshahara mapema na bado unakatwa, maliza deni. Baada ya ajali au kosa lililowatia wazazi hofu, ipe nyumba miezi 2 au 3.

Shida zako binafsi, kodi imepanda au ada ya mwanao imefika, si sababu ya nyongeza hata zikiwa za kweli kabisa. Mwajiri hulipa kazi. Ukimweleza shida atakupa msaada, na msaada hutolewa mara moja ukasahaulika. Ukiwa na shida, omba mkopo wa mshahara na uuite mkopo.

Siku ya kusema

Omba miadi: "Mama, naomba wewe na Baba mnipe dakika 20 wiki hii mtoto akilala. Nina jambo la kazi." Wazazi wawe wote wawili kama wote wako nyumbani. Ukizungumza na mmoja, ombi hubebwa kwenda kwa mwenzake bila hesabu yako, na linarudi limekuwa "ametaka hela". Epuka asubuhi wanapokimbilia kazini, usiku wa siku ya mshahara, na ujumbe wa simu, ambao husomwa kwa sauti mbaya kuliko ulivyoandikwa.

Anza na kazi kisha utaje kiasi. "Nilipoanza tulipatana saa 50 kwa wiki. Kwa wiki 4 zilizopita nimeandika, zinafika 55 na nusu, na bei za vitu zimepanda asilimia 5. Naomba mshahara upande kwa asilimia 18 kuanzia mwezi ujao." Taja tarakimu moja. Ukisema "kati ya 12 na 18" wamesikia 12. Juu ya kile unachohitaji acha nafasi ndogo ya kushuka, lakini chako cha mwisho ukijue kabla hujaketi. Ukishataja, nyamaza. Hapa wengi hujiharibia: kimya kinawatisha, wanaanza kujipunguzia wenyewe kabla mtu hajasema neno.

Majibu huwa ya aina chache. Wakisema "tutaangalia", uliza kwa upole mtakutana tena tarehe ngapi. Wakisema "sisi tunakuchukulia kama ndugu", shukuru na urudi kwenye saa. Ndugu naye akiitwa Jumamosi huuliza atarudi saa ngapi. Wakisema fedha hazipo, na unaamini, badilisha ombi: Jumamosi iondoke, nauli ilipwe, likizo ya malipo iongezwe, au saa ya kutoka iwe ile ile kila siku na dakika za ziada zilipiwe. Nguo na vyombo vilivyotumika vipokee kama zawadi, lakini visiingie kwenye hesabu. Hata bahashishi ya mwisho wa mwaka si nyongeza: malipo ya likizo, saa za ziada na kiinua mgongo, pale vilivyopo, hukokotolewa kutokana na mshahara.

Kutishia kuondoka ni silaha ya risasi moja. Itumie ukiwa na kazi nyingine mkononi, na kazi hiyo uwe umeipima. Tuseme inalipa asilimia 20 zaidi kwa saa zile zile 50, lakini ni mbali, saa moja zaidi kwenda na moja kurudi. Hizo ni saa 43 za njiani kila mwezi, juu ya 217 zako: asilimia 20 ya muda wako. Nyongeza yote imeishia barabarani, nauli bado hujaitoa, na unaanza upya kipindi cha majaribio na mtoto asiyekujua.

Mkikubaliana, andikeni siku hiyo hiyo: mshahara mpya, tarehe unapoanza, saa na siku za kazi, kazi zilizomo na zisizomo, malipo ya saa ya ziada, na tarehe ya kuzungumza tena. Karatasi mbili, sahihi pande zote. Kisha subiri malipo ya kwanza. Yakija kwa kiwango cha zamani, uliza jioni ile ile na karatasi mkononi; mara nyingi ni usahaulifu tu, lakini ukiunyamazia miezi miwili, itabidi uombe nyongeza ile ile mara ya pili.